Matofali Mawili ya Kitanda cha Baba

Tulipokwisha kuanua matanga ya Baba, mimi na mdogo wangu Deo tuliingia chumbani kwake na Mama kupanga vitu. Havikuwa vingi. Kulikuwa na sanduku la bati, jembe lenye mpini mpya ambao hakuwahi kuutumia, koti la kanisani, na kitanda cha mninga walichokilalia yeye na Mama tangu sijazaliwa. Chumba kilikuwa bado na harufu yake, harufu ya tumbaku na pumba za mpunga, nikasimama mlangoni kwa muda nikiivuta kabla haijaisha.

Deo alishika kitanda upande wa miguuni ili tukisogeze, akasita. Akasema kimeinama. Alipiga magoti, akachungulia, akaona matofali mawili ya kuchoma chini ya miguu ya upande wa kichwani, moja huku na moja kule, yamezama kidogo kwenye sakafu ya udongo. Akauliza ni nani aliyeweka matofali chini ya kitanda cha mzee, na kama ni mambo ya kienyeji basi tuambiwe mapema.

Mama alikuwa sebuleni kwenye mkeka, amenyoosha miguu. Tangu msiba alikuwa akilala chumba cha pili na mjukuu wake. Alisikia yote, akajibu bila kugeuka, "Muulize mkunga wake."

Deo akanitazama. Wakati wa mambo yale yeye alikuwa mgongoni kwa Mama, hakumbuki kitu. Nilianza kucheka, kisha kicheko kikanigeukia, nikakaa juu ya sanduku la bati nikalia kuliko nilivyolia siku ya maziko. Nilimwomba matofali tuyaache kwanza.

Kwetu ni mbele kidogo ya kijiji cha Mbingu, ukitoka Ifakara kwenda Mlimba. Nyumba iko kijijini karibu na barabara, shamba liko bondeni, mwendo wa asubuhi nzima kwa mtu aliyebeba mzigo. Ninyi wa rika langu mliokulia huko mnakumbuka ilivyokuwa. Mvua zikishika, kijiji kinahamia shambani. Mlango unafungwa kwa kamba, kuku wanatiwa kwenye tenga, sufuria zinapangwa ndani ya beseni, na mbwa anatangulia kwa sababu njia anaijua kuliko mtu yeyote. Huko tunakaa kwenye kibanda cha nyasi mpaka mpunga uvunwe, na shule inatusubiri, ikipenda.

Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Unapanda kwenye dungu, kile kichanja kirefu cha miti chenye kipaa cha nyasi, unakaa huko kutwa ukipiga debe, ukipiga kelele, ukirusha madonge ya udongo kwa kombeo. Ndege wa mpunga hawana haya. Unawafukuza huku wanatua kule, na jioni unashuka huna sauti. Lakini dungu lina faida moja ambayo watu wazima huisahau. Ukiwa juu unaona kila kitu, na wa chini wakishakuzoea hawakumbuki tena kwamba una macho.

Mchana hatukula cha maana. Muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi vilitosha, maana ndege hawakupi nafasi ya kukaa na sahani. Chakula chenyewe kilikuwa jioni, ndege wakishalala. Hapo Mama alipakua wali uliojaa kama mlima, na kambale aliyekaangwa mpaka mafuta yanamchuruzika, na pilipili iliyopondwa na chumvi. Tulikula kulipiza njaa ya kutwa nzima. Kisha wanaume walijinyoosha kwenye vitanda vya kamba papo hapo, kwa sababu kesho kabla ya jua ndege wangekuwa wameshafika. Kula, shiba, lala. Ndiyo ilikuwa sheria ya shambani, na hakuna aliyeiona ina kosa.

Msimu huo tulikuwa na Mama Mdogo, mdogo wake Mama. Mumewe alikuwa kibarua kwenye shamba kubwa la mpunga kule Mngeta, na yeye alikuwa mja mzito, wa kwanza, kwa hiyo Mama akasema asikae peke yake. Alikuwa mcheshi, mwenye mwanya, na alikuwa na kiungulia kilichomtesa vibaya. Kila baada ya kula aliweka kiganja katikati ya kifua na kusema, "Hicho kinapanda." Alitema mate. Alitafuna mchele mbichi. Mama alimchomea maganda makavu ya ndizi, akaloweka majivu yake, akayachuja kwa kitambaa, na maji yale akayaweka kwenye kopo la bati juu ya uchaga. Niliwahi kuyaonja kwa siri. Yalikuwa na ladha ya jembe.

Wanawake wa mashamba ya jirani wakipita kusalimia na kumkuta ameshika kifua, walicheka na kusema mtoto huyo ana nywele, tena nyingi. Nywele ndizo zinazomuunguza mama. Kwetu hilo halikuwa jambo la kubishania, kila mtu alilijua. Ila wao walilisema wakaenda zao, mimi nikabaki nalo juu ya dungu. Nililifikiria mpaka nikaliona kabisa: mtoto amekaa tumboni, nywele zimemwota zikakosa pa kwenda, zikapanda juu kifuani na kumkwaruza Mama Mdogo kooni. Nilimwuliza Mama kama mtu anaweza kumeza kitana. Alinijibu nirudi kwa ndege.

Sasa nije kwa Baba. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na sikuwahi kumwona akilala mchana. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo aliniita mama, na mimi nilijiona mkubwa kwa sababu hiyo. Siku moja nikiwa juu ya dungu nilimwona anapalilia. Aliinama, akainuka ghafla, akaweka kiganja katikati ya kifua, mahali palepale pa Mama Mdogo, akatema mate pembeni. Akainama tena, akainuka tena. Nikaacha kupiga debe.

Kuanzia hapo nilimchunga yeye kuliko mpunga. Nilimwona nyuma ya kinu anachota mchele kwa vidole vitatu, anatazama huku na huku, anatupia mdomoni. Nilimwona, wanawake wakiwa mtoni, akishusha lile kopo la majivu, akinywa, akikunja uso na kulirudisha kama lilivyokuwa. Jioni wengine wakijinyoosha, yeye alikaa kitako ameegemea nguzo, akisema anapunga upepo, hata kama kulikuwa na mbu wa kumbeba mtu. Tena hakumaliza wali wake. Kwa mtoto aliyekuwa amefundishwa vizuri na majirani, hapakuwa na swali. Baba naye alikuwa na mtoto tumboni, mwenye nywele.

Mkiona nafanya mzaha, si mzaha. Niliogopa kiasi cha kushindwa kula. Nilijua wanawake wana njia ya kumtoa mtoto. Ni njia gani sikuijua, lakini wanayo. Mwanamume je? Msimu uliotangulia Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alikuwa ameanguka shambani kwake akiwa ameshika kifua, akaletwa nyumbani juu ya mlango wa miti ameshakufa. Watu wazima walisema moyo umesimama. Mimi nilikuwa nimeuona ule mkono ulivyoganda kifuani, na sasa nilifikiri najua wasichokijua wao. Baba Mkubwa alikuwa na mtoto akakosa pa kutokea. Na Baba ndiye aliyefuata.

Alichokuwa akifikiri Baba mwenyewe nilikuja kukijua miaka mingi baadaye, na ninakieleza hapa ili msimcheke. Naye alikuwa akimfikiria kaka yake. Kwetu kiungulia kilikuwa ni cha waja wazito, kama kuchagua vyakula na kutamani udongo. Mwanamume akiungua kifua ana moyo, au ana kifua, au kuna mtu amemtupia kitu. Kiungulia hawezi kuwa nacho. Alikaa kibanda kimoja na shemeji yake anayeumwa ugonjwa uleule, akamsikia kila jioni akiutaja kwa jina, akamwibia na dawa kwa sababu aliona inampoza, na bado lile jina halikumjia kwamba ni lake. Alijua moja tu, kwamba anakufa kama kaka yake. Akaanza kujiandaa, kimya.

Alasiri moja alimwambia Mama akae yeye kwenye dungu, akaniita nishuke. "Njoo mama, nikuonyeshe kitu." Akanishika mkono tukazunguka shamba lote. Alinionyesha kisiki cha mkuyu, kichuguu kilichokatika upande mmoja, mfereji alioulima babu, na mahali ambapo mpaka unaingia ndani kidogo kwa sababu babu alimpisha jirani apitishe maji. Kila tulipofika alinitaka nirudie. Alisema nyumba Mama anaijua, ila mipaka aliijua yeye tu na marehemu kaka yake, na sasa naijua na mimi. Nilimwuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote, ila mtu hajui.

Haendi popote. Wiki hiyohiyo Mama Mdogo alikuwa anajiandaa kupelekwa Ifakara, akakae karibu na hospitali kusubiri siku zake, kama wafanyavyo waja wazito wa mashambani kabla tope halijafunga njia. Naye alikuwa anapanga mambo yake. Kuku wake aliwaacha mikononi mwa Mama. Kanga fulani alisema apewe fulani kama lolote litatokea, kisha akacheka, na Mama hakucheka. Niliwatazama wote wawili, huyu anagawa kuku na yule anagawa mipaka, nikaelewa kwamba wanakwenda safari moja. Kilichonichoma ni kwamba Mama Mdogo alifungiwa mzigo na Baba hakufungiwa.

Nikamfungia mimi. Mzigo wa uzazi nilikuwa nimeuona ukipangwa: beseni, kanga za zamani zilizochanwa vipande, pamba, wembe, uzi, sabuni. Beseni sikuwa nalo. Nilichukua vipande vya kanga vilivyobaki, nikavifua, nikavianika nyuma ya kibanda. Nikatia kipande cha sabuni, uzi wa kushonea magunia, na kikoi chake cha kujifunika. Wembe niliogopa kuugusa, nikatia kitana badala yake, maana kwa mtoto wa aina ile niliona ndicho kitakachohitajika zaidi. Nikavifunga vyote kwenye mfuko wa sukari, nikauweka kando ya mzigo wa Mama Mdogo.

Asubuhi ya safari baiskeli ilikuwa imeegeshwa tayari, Mama anahakikisha vitu. Akauinua mfuko wa sukari, akaufungua, akatoa kitana.

"Huu mzigo ni wa nani?"

Nikasema ni wa Baba. Akauliza wa kazi gani. Nikasema, "Naye anakwenda kujifungua. Mtoto wake ana nywele kama wa Mama Mdogo."

Mama Mdogo alicheka mpaka akakaa chini, ameshika tumbo, anamwomba Mama amsaidie asije akazalia pale. Mama naye alicheka, na Deo mgongoni akacheka kwa kuwa mgongo unatikisika. Baba hakucheka. Alikuwa anakaza kamba ya baiskeli, akaendelea kuikaza ijapokuwa ilishakaza. Mama, akiwa bado anajifuta machozi, aliniuliza nimeyatoa wapi hayo, na mimi, kwa kuwa nilidhani wote wanaona ninachoona, nikamweleza. Nikasema mchele nyuma ya kinu. Nikasema kopo la majivu. Nikasema anavyoinuka akipalilia na anapoweka mkono, nikawaonyesha kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasema halali, anakaa kwenye nguzo. Nikasema na Baba Mkubwa ndivyo alivyoshika.

Kicheko kilikatika palepale. Mama alimgeukia.

"Baba Koleta, ni kweli?"

Aliiachia kamba ya baiskeli, akasema ni moyo. Akasema ni ule wa kaka, umeshamfikia, na hakuona faida ya kuwatia watu hofu katikati ya msimu. Nilimwona Mama akishika ukingo wa beseni kwa mikono miwili. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Aliyetuokoa ni Mama Mdogo, palepale chini alipokaa. Alianza kumhoji Baba kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake. Kinakuja ukishakula, shemeji, au hata kabla? Ukiinama? Ukilala chali? Kuna maji machungu yanakupanda mpaka kooni? Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, na kila alipoitikia uso wake ulizidi kuchanganyikiwa. Mwishoni Mama Mdogo akasema, "Shemeji, hicho ni kiungulia changu hichohicho. Kumbe ndiyo maana kopo langu lilikuwa linapungua."

Ninaukumbuka uso wa Baba kuliko kila kitu. Mngedhani mtu aliyeambiwa hafi angefurahi. Yeye aliona haya. Alisema mwanamume hawezi kuwa na kiungulia, na Mama Mdogo akamjibu kwamba mficha uchi hazai, na yeye amebakiza kidogo azae. Mama akakata shauri. Moyo au si moyo, si sisi wa kuamua hapa chini ya mti, kando ya baiskeli. Atakwenda Ifakara na shemeji yake leo hii, na kama ndege watakula mpunga basi wale. Baba aliinamisha kichwa kama mtoto. Halafu akanitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Akasema kama ni hivyo na mkunga wake aende.

Ndivyo nilivyofika Ifakara kwa mara ya kwanza, nimekaa nyuma ya lori la mpunga kati ya waja wazito wawili, mmoja wa kweli.

Daktari aliyemwona alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Baba alimwamkia shikamoo, akanong'ona shida yake, na daktari akamwomba arudie kwa sauti, naye akarudia akitazama ukuta. Hakumcheka. Alimsikiliza kifua, akampima moyo kwa mashine yenye nyaya, akakaa naye kitambo. Alimwuliza akisukuma baiskeli yenye gunia kupanda mlima kifua kinabana? Hapana. Maumivu yanakwenda mkononi, au kwenye taya, na jasho baridi? Hapana. Ila akiinama, na akilala akiwa ameshiba, ndiyo. Akamwuliza anakunywa vidonge gani. Baba akataja vidonge vya maumivu, vile ambavyo wakulima wote walinunua dukani kwa ajili ya mgongo wa kupalilia, na yeye alivimeza asubuhi kabla hajatia kitu tumboni. Daktari akavua miwani. Alisema hivyo vidonge vinamchubua tumbo kila asubuhi, na wali na kambale vinakuja kumalizia jioni.

Alimpa dawa na akamkataza hivyo vidonge. Alimwambia ale kidogo mchana hata kama ndege wamekasirika, na jioni ale mapema, apunguze mafuta, pilipili na tumbaku, akae wima mpaka chakula kishuke, na majivu ayaachie mboga. Halafu akasema ainue kitanda upande wa kichwani. Mito haitoshi, alisema, mito inamkunja mtu tumbo na kuzidisha. Inua kitanda chenyewe, weka tofali kila mguu. Mwishoni alimwambia maneno ambayo Baba aliyarudia kwa watu hadi uzeeni: "Kiungulia hakichagui mke wala mume. Lakini umefanya vizuri kuja, kwa sababu kifua si kitu cha kubahatisha. Siku kikibana unatembea, na jasho likakutoka, usinywe majivu wala usisubiri msimu uishe. Njoo."

Shambani hakuna tofali, kuna udongo na nyasi. Kwa hiyo tulipita kijijini, Baba akachukua matofali mawili kwenye rundo alilokuwa ameliweka la kujengea jiko, akayafunga kwenye baiskeli, tukateremka nayo bondeni. Tangu hapo matofali yale yalihama nasi kila msimu pamoja na kuku na sufuria, na kuyabeba ilikuwa kazi yangu. Majirani walimwuliza yana kazi gani. Mwanzoni alisema ni ya kuzuia mchwa. Baada ya mwaka au zaidi akaanza kusema ukweli, na mzee mmoja baada ya mwingine alikuja kuzungumza naye habari za mvua, wakimaliza mvua wanashusha sauti. Ukipita kwenye vibanda vya wenzetu ulianza kuona vitanda vilivyoinama.

Mimi bado sikuwa nimeelewa. Nilichoelewa ni kwamba kitanda kimeinuliwa ili mtoto ateleze kuelekea miguuni na kutoka. Kila asubuhi nilichungulia upande wa miguuni. Mama alilalamika kwamba anayeteleza ni yeye, kila akiamka anajikuta miguu iko nje. Mpunga ukavunwa, na habari ikaja kwamba Mama Mdogo amejifungua salama, mtoto wa kike. Tulipokwenda kumwona, nilisukuma watu nikawa wa kwanza kufunua shuka. Kichwa kilikuwa cheupe, hakina hata unywele mmoja. Mama Mdogo alinitazama akasema nywele zote zimebaki kwa shemeji yake. Watu walicheka, na Baba akacheka kuliko wote, na mimi nikalala siku hiyo nikiwa na wasiwasi upya.

Nilipokuwa nakwenda kuanza sekondari, msimu wangu wa mwisho wa dungu, Baba alipanda juu akakaa nami. Kichanja kilikuwa kinalia kwa uzito wetu. Hapo ndipo aliponieleza ule mzunguko wa mipaka ulikuwa wa nini. Alisema alikuwa tayari kufa kwa ugonjwa wenye jina la kiume kuliko kupona ugonjwa wa kike, na kwamba ujinga wa namna hiyo hauumi, ndiyo maana unaua. Alisema ningekaa kimya ule msimu, pengine kisingekuwa kiungulia kilichommaliza, pengine zingekuwa zile dawa za mgongo, au hofu tu. Nilimwuliza kama bado kinapanda. Akasema siku hizi hakipandi, miaka imepita. Nikamwuliza basi kwa nini hayatoi matofali, Mama apumzike kuteleza.

Baba akarusha donge la udongo, ndege wakaruka. "Siku nikiyatoa, mama, si utadhani nimejifungua?"

Hakuyatoa. Mimi sikuwa mkunga, ninashona nguo Morogoro mjini, lakini hakuwahi kuacha kuniita hivyo, hata mbele ya mume wangu, hata siku za mwisho aliposahau majina ya wajukuu. Alikufa mzee, kwa ugonjwa mwingine kabisa, usiohusu kifua wala tumbo. Na safari hiyo alimwambia kila mtu mahali panapomuuma, tena kwa kirefu, mpaka Deo akachoka kumsikiliza. Nilipokuwa namuuguza nilimpenda kwa hilo.

Siku ile ya kupanga chumba nilimsimulia Deo haya yote, yeye amekaa sakafuni, mimi nimekaa juu ya sanduku. Alicheka pale pa kitana. Kisha akainuka, akasema lazima kitanda kisogezwe, mafundi wa sakafu wanakuja. Aliinua upande wa kichwani, mimi nikapiga magoti nikayavuta matofali, kwanza moja, kisha la pili. Yaliacha mashimo mawili ya mraba kwenye udongo. Deo akashusha kitanda taratibu, kikakaa sawa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia, akakaa ukingoni upande wake, akapapasa godoro kuelekea kichwani, kule kulikokuwa juu miaka yote ya ndoa yao niliyoikumbuka. Akajilaza kidogo, miguu haikutoka nje. Akasema, "Haya. Baba Koleta leo amejifungua."

Nikakaa pembeni yake, tofali moja mapajani. Siku ya maziko nilikuwa nimetupa udongo kaburini kama wenzangu, na nilidhani nimeshajua. Hapo ndipo nilipojua kwamba Baba amekufa.